Simiyu na Uwanda wa Juu wa Kati

Sehemu kubwa ya Tanzania Bara haiko milimani wala mabondeni. Imekaa juu ya uwanda mpana ulioinuka kati ya mita 1,000 na 1,500 kutoka usawa wa bahari, unaoanzia Dodoma na Singida, ukapita Tabora na Shinyanga, kisha ukainama taratibu kuelekea Ziwa Victoria. Vitabu vya jiografia huuita Uwanda wa Juu wa Kati. Kwenye ukingo wake wa kaskazini, kati ya ziwa hilo, Hifadhi ya Serengeti na bonde la Ziwa Eyasi, ndipo ulipo Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa chini ya Shinyanga na eneo la Busega lililomegwa kutoka Magu mkoani Mwanza. Itilima ilizaliwa kutoka Bariadi. Makao makuu ya mkoa ni mji wa Bariadi, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni 2.1.

Anayesafiri kwa barabara ya lami kutoka Mwigumbi, akapita Maswa na Bariadi hadi Lamadi kando ya ziwa, haoni mlima wa kumshangaza. Ardhi inapanda kidogo, inashuka kidogo, halafu inapanda tena. Vilima vya mawe vinajitokeza hapa na pale, na kati yake kuna mashamba ya pamba, vichaka vya migunga na makorongo makavu. Ni rahisi kudhani kwamba nchi ya namna hiyo haina la kueleza. Kumbe katika nchi tambarare kila mita ya mwinuko ina kazi yake. Tofauti ya mita chache ndiyo inayoamua kama tone la mvua litafika Misri au litakaukia kwenye chumvi, kama shamba ni la mihogo au la mpunga, na kama kisima kitadumu hadi Oktoba au kitakauka mwezi Juni.

Nyanda za juu duniani hazikutokea kwa njia moja. Uwanda wa Tibet, wenye wastani wa mita 4,500 hivi, uliinuliwa na mgongano wa mabara mawili. Ule wa Deccan huko India, kwa sehemu yake kubwa ya magharibi, ni tabaka juu ya tabaka la lava iliyoganda. Nchini Tanzania penyewe, Kitulo na Ufipa zina historia zao, tofauti na ya Tabora au Simiyu. Uwanda wa Juu wa Kati ni nchi kongwe iliyosagika. Milima iliyowahi kuwepo hapa ililiwa na mvua, jua na upepo kwa mamilioni ya miaka hadi ikabaki mizizi yake, na baadaye nchi yote, ikiwa tayari imelainishwa, ikanyanyuliwa kutoka chini.

Msingi wa uwanda huu ni mwamba ambao wanajiolojia huuita Kratoni ya Tanzania. Ni kipande cha ukoko wa dunia chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kinene, baridi na kigumu. Majabali ya granaiti yanayoonekana Maswa, Bariadi na kote hadi Mwanza ni sehemu yake. Maji yanapopenya kwenye nyufa za granaiti, mwamba huoza kuanzia kwenye pembe, ukabaki umeviringana. Udongo laini unapochukuliwa na mvua, mawe hayo hubaki yamepandana juu ya kilima kana kwamba yalipangwa kwa mkono.

Ugumu wa kratoni ndio ulioiokoa nchi hii isipasuke. Bonde la Ufa liliposhuka kutoka Ethiopia na Kenya lilikutana na mwamba huo kaskazini mwa Tanzania, likashindwa kuukata. Likatawanyika: tawi moja likaelekea Eyasi, jingine Manyara, jingine upande wa Pangani. Ufa wa magharibi nao ukapita mbali, ukazaa Tanganyika na maziwa mengine ya upande wa Kongo. Katikati ya mikono hiyo miwili uwanda ulibaki mzima, ukainuliwa pamoja na kingo zake, na kingo zikapanda zaidi kuliko katikati. Matokeo yake ni bonde pana lisilo na kina. Mito kama Kagera na Katonga, ambayo zamani ilitiririka kwenda magharibi, ilizuiliwa na ukingo ulioinuka, na maji yakarudi nyuma na kutuama. Ndivyo lilivyopatikana Ziwa Victoria, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi.

Asili hiyo inaeleza kwa nini ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 lina kina cha juu cha mita 80 na kidogo tu, ilhali Tanganyika, lililolala ndani ya ufa, linazidi mita 1,400. Victoria ni maji yaliyotandazwa juu ya uwanda. Kwa sababu hiyo hali ya hewa hulitikisa kwa urahisi. Kati ya miaka 18,000 na 15,000 iliyopita, dunia ilipokuwa baridi na kavu, ziwa lilikauka, kisha mvua ziliporejea likajaa upya. Hata leo sehemu kubwa ya maji yake, zaidi ya asilimia 80, hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mwaka 2020, baada ya mvua nyingi, kina chake kilifikia rekodi ya miaka ya 1960. Kwenye ufukwe wenye mteremko mkali kupanda kwa mita moja hakumhamishi mtu, lakini kwenye fukwe bapa za Ghuba ya Speke, ambako Busega inapakana na ziwa, mita hiyo moja huingia mbali mashambani.

Ziwa liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ndiko yanakoelekea maji ya sehemu kubwa ya mkoa. Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa, hukusanya vijito vya Meatu, Maswa na Itilima, hupokea maji ya Mto Duma unaotoka upande wa Serengeti, na kuingia Ghuba ya Speke wilayani Magu. Ni mto wa msimu. Wakati wa masika hufurika, ukawa mpana na wa rangi ya udongo. Kiangazi hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba humo visima vya muda kutafuta maji yaliyojificha chini. Pamoja na unyonge huo wa kiangazi, mto huu una nafasi yake katika historia ya kutafuta chanzo cha Nile. Henry Morton Stanley, aliyelizunguka Ziwa Victoria kwa mashua mwaka 1875, aliuhesabu kuwa ndio mkondo wa kusini kabisa unaoanzisha Nile. Wachunguzi waliofuata waliipa Kagera heshima hiyo, kwa kuwa ina maji mengi na hutiririka mwaka mzima. Hata hivyo ukweli wa kijiografia haujabadilika: maji ya mvua iliyonyesha Itilima hupita ziwani, hutokea Jinja nchini Uganda, huvuka Sudan Kusini, Sudan na Misri na kuingia Bahari ya Kati.

Si maji yote ya Simiyu yanayokwenda huko. Kusini mwa Meatu nchi huinama upande mwingine. Mto Sibiti, unaotenganisha Meatu na Mkoa wa Singida, hutoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi. Eyasi liko mita 1,030 hivi, yaani takriban mita 100 chini ya Ziwa Victoria, lakini halina njia ya kutokea. Maji yanayofika humo hupaa kwa jua na kuacha chumvi na magadi. Kwa hiyo ndani ya wilaya moja kuna mstari usioonekana kwa macho, usio na mlima wala alama, ambao upande wake mmoja mvua ni ya Nile na upande wa pili ni ya bonde lililofungwa. Ukiutazama uwanda wote kwa ujumla mgawanyo huo unapanuka zaidi. Magharibi, Malagarasi huchukua maji ya Tabora na Kigoma hadi Tanganyika, na kutoka huko hadi Mto Kongo na Atlantiki. Kusini-mashariki, mito inayoishia Rufiji huelekea Bahari ya Hindi. Nchi chache za Afrika zina uwanda unaogawa maji yake kwa bahari tatu na mabonde yaliyofungwa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo umuhimu wa uwanda huu unapovuka mipaka ya Tanzania.

Kuhusu madini, maelezo ni mafupi kwa sababu kanuni yake ni moja: mwamba mkongwe, uliotulia, huhifadhi kilichoundwa zamani. Dhahabu ya Geita na Bulyanhulu imo katika mikanda ya miamba ya kijani ya kratoni. Almasi ya Mwadui, mgodi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, ilipanda kwenye bomba la kimbalaiti lenye eneo la hekta 146, moja ya makubwa zaidi duniani. Almasi za namna hiyo hutokana na mzizi mnene wa kratoni. Kwa upande wa Simiyu, jambo la pekee ni nikeli ya vilima vya Dutwa na Ngasamo. Miamba yenye chuma na magnesi nyingi ilioza polepole juu ya nchi bapa ambamo mvua haikuwa na mteremko wa kutosha kuusomba udongo wake, na nikeli ikajikusanya katika tabaka jekundu karibu na uso wa ardhi. Kwenye mlima mkali tabaka kama hilo lisingedumu.

Utajiri mkubwa zaidi wa uwanda huu, hata hivyo, ni udongo, na hapa inafaa kutulia kidogo. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa na kituo chake Amani katika milima ya Usambara, alizunguka sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza ardhi. Katika kazi zake za Afrika Mashariki aliona kwamba udongo haubadiliki ovyo. Ukishuka kutoka kilele cha kilima hadi bondeni unakutana na aina zilezile kwa mpangilio uleule, na kilima kinachofuata kinarudia mpangilio huo. Wazo hilo, aliloliita katena, sasa linafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote. Wakulima wa Usukuma, yaani nchi ya Wasukuma, walikuwa wakilitumia kabla halijaandikwa, kwa majina yao wenyewe.

Juu kabisa ni majabali, na chini yake kidogo ni mchanga uliotokana na granaiti iliyooza. Mchanga huo huitwa luseni. Ni mwepesi, unalimika hata kwa jembe la mkono mara tu mvua ya kwanza inapogusa, lakini rutuba yake ni ndogo na maji huupita haraka. Hapo huota mihogo, karanga, njugu mawe na viazi vitamu, vile ambavyo hukatwa, hukaushwa na kuwekwa akiba kama michembe. Kaya nyingi zilijenga nyumba kwenye sehemu hii, karibu na mawe, mahali pakavu ambapo maji ya masika hayatuami.

Ukishuka zaidi unafika itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayalipenyi. Kwa mahindi ni mahali pabaya, kwani mizizi hukosa pa kwenda. Kwa mpunga ni mahali pazuri, maana mkulima akizungusha tuta dogo kila upande anapata jaruba linaloshika maji ya mvua bila mfereji wala pampu. Majaruba haya yalienea sana Usukumani katika karne ya 20, na yamekifanya chakula kilichokuwa cha wachache kuwa zao la kawaida la kula na kuuza. Penye chokaa ardhini kuna ibushi, wenye rutuba, unaopendwa kwa pamba. Na chini kabisa, bondeni, ni mbuga: udongo mweusi, mzito, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa za kuingiza mguu ukikauka. Mbuga humtesa mlimaji. Ukiwahi ni mgumu kama tofali, ukichelewa unanata kwenye plau na kwenye kwato za ng'ombe. Lakini hushika unyevu kwa muda mrefu, na ndiyo maana mkulima wa Simiyu anaweza kupanda dengu mvua zikikaribia kuisha, zikakomaa kiangazi kwa maji yaliyobaki ardhini pekee.

Familia yenye mashamba katika ngazi zote za mteremko ina kinga ambayo hakuna ghala linaloweza kuitoa. Mvua ikizidi, mbuga hufa maji lakini luseni huzaa; ikipungua, luseni huungua lakini bondeni hubaki na chochote. Mgawo wa mashamba unaomnyima mkulima mchanganyiko huo, kwa kumpa eneo moja kubwa mahali pamoja, humpokonya kinga hiyo hata pale unapomwongezea ekari.

Pamba ndiyo iliyoiunganisha nchi hii na soko la dunia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kazi mwaka 1932, na aina zake za mbegu zilisambaa katika kanda nzima. Wakulima walijipanga katika vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani, moja ya asasi kubwa za ushirika barani Afrika kwa wakati wake. Leo Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo. Uwanda umechangia kwa namna mbili: ardhi bapa inalimika kwa plau ya ng'ombe, na kiangazi kirefu hukausha vitumba na kuviacha vipasuke vikiwa safi.

Mwinuko nao hupoza. Bariadi iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, lakini kwa kuwa iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari haina joto la Tanga au Dar es Salaam, na usiku wa Julai watu hutafuta shuka nzito. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, hulegea Januari au Februari, kisha hurudi hadi Mei. Haigawanywi sawa. Milima ya Ngorongoro huzikinga pepo zenye unyevu kutoka baharini, na ziwa huongeza unyevu wake upande wa pili, hivyo mvua huongezeka kadiri mtu anavyosogea kaskazini-magharibi. Busega na Bariadi hupata zaidi, Meatu hupata kidogo, na katika Meatu mwaka mbaya ni njaa.

Panapokosa mvua ya kilimo pana majani ya mifugo, na Wasukuma ni wafugaji kama walivyo wakulima. Historia ya malisho yao ina misukosuko. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe, vichaka vikarudi, na mbung'o wakaja navyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu walifyeka mapori kwa kazi ya pamoja ili kuwafukuza, wakati huo Charles Swynnerton akiongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga. Mbung'o waliondoka, lakini miti nayo ikaondoka. Ardhi bapa isiyo na miti huchubuliwa na mvua tabaka kwa tabaka, bila kelele, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwemo, ilikuwa tupu.

Dawa ilitoka ndani ya desturi. Ngitili ni eneo la majani na miti ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokolea, ili ng'ombe wadhaifu, ndama na maksai wapate pa kushika roho. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ilipoanza mwaka 1986 zilibaki takriban hekta 600 tu za ngitili zilizohesabika. Badala ya kuleta miche ya kigeni peke yake, HASHI iliwarudisha watu kwenye ngitili. Mizizi ya miti iliyofyekwa ilikuwa bado hai chini ya ardhi. Ikihifadhiwa dhidi ya mifugo na moto, ilichipua yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudi katika vijiji 833 na kuzidi hekta 300,000, na mwaka 2002 programu hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni miongoni mwa kazi bora kabisa za kufufua ardhi zilizowahi kufanyika Afrika, na inastahili kufahamika na kila mwanafunzi wa Tanzania.

Upande wa mashariki uwanda unaendelea bila kizuizi hadi Serengeti, na hakuna mto wala mlima unaowaambia nyumbu mahali mkoa unapoanzia. Nyanda za majani mafupi wanakozalia, kati ya Januari na Machi, zimerutubishwa na majivu ya volkano za Ngorongoro na jirani zake. Pori la Akiba Maswa, lililoko Simiyu, linapakana na maeneo hayo, na wakati wa mvua makundi huvuka na kuingia humo. Ukosefu huo wa mpaka wa asili ndio unaoleta tembo mashambani Meatu, Itilima na Bariadi, jambo ambalo kwa mkulima ni hasara ya msimu mzima.

Kwa usafiri, uwanda ni rafiki mwenye sharti. Reli ya Kati ilipata taabu kupanda kutoka pwani. Ilipofika Dodoma, mita 1,100 na zaidi, njia ya Tabora ilikuwa nyepesi, na tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928 halikuhitaji mahandaki. Kituo chake cha Malampaka, wilayani Maswa, kilikuwa mlango wa pamba kwenda bandarini, na reli mpya ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza inapita eneo hilohilo. Sharti ni mbuga. Barabara ikijengwa juu ya udongo mweusi bila kuuondoa au kuutibu, huvimba na kunywea kila mwaka hadi lami inapasuka.

Linabaki suala la maji ya kunywa, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Granaiti haina nafasi ya kuhifadhi maji mengi isipokuwa katika nyufa, kwa hiyo visima virefu vingi hutoa kidogo au hukosa kabisa. Malambo na mabwawa hutegemea mvua, na juani hupoteza maji mengi kwa kupaa, maana katika nchi bapa bwawa huwa pana na lisilo na kina. Ziwa lipo karibu, lakini liko chini ya kila mji wa mkoa. Maji ya Victoria yalishavutwa hadi Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele mwaka 2009, na yakathibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha kwa mradi wa Simiyu wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kwa ushirikiano na serikali za Tanzania na Ujerumani. Mpango wake ni maji yachukuliwe Busega na kusukumwa kwa pampu hadi matangi juu ya vilima, na kutoka huko yateremke yenyewe hadi vijijini. Awamu ya kwanza ni ya Busega, Bariadi na Itilima. Maswa na Meatu, zilizo mbali zaidi na ziwa na kavu zaidi, zimepangiwa awamu ya pili.